Kikombe cha Chai Juu ya Friji

Miaka ile ya sabini, katika mitaa yetu ya Arua, bibi harusi hakupeleka stovu nyumbani kwa mumewe kabla Mpishi hajaitazama. Mchumba alichunguzwa na wazee, mahari ikazungumzwa na wajomba, lakini stovu ilikuwa kazi ya Mpishi. Wala sitii chumvi. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye madrasa alinunua ya kwake kwa siri, akijiona mjanja wa mji, na wiki ya pili baada ya harusi tukamwona barabarani ameibeba kichwani, nyusi zimeungua zote mbili, anaelekea kwa Mpishi. Mzee hakumcheka. Alimwambia akae, akamwekea chai, ndipo akaanza kuifungua stovu.

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Alikuwa amepikia jeshi tangu enzi za Waingereza, na alipostaafu alirudi Arua na sufuria moja kubwa ya kambini, kikombe kimoja cha bati cheupe chenye ukingo wa buluu, na maoni juu ya kila kitu kinachotoa moto. Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilikua nikimsikia kila asubuhi akilaani kuni mbichi kwa matusi ya kambini, kisha akimwomba Mungu msamaha kwa sauti ile ile, bila kupumzika katikati.

Nianze na kikombe, maana bila kikombe hakuna Mpishi. Alikwenda nacho kila mahali. Ukimwita kutazama stovu, alijaza chai mpaka ukingoni, pomoni, halafu akakiweka juu ya stovu na kukuambia uipige pampu. Chai ikitetemeka, miguu ya stovu ni dhaifu. Chai ikimwagika upande mmoja, stovu imepinda. "Hii iko mulevi," angesema, na hapo biashara imekwisha, hata kama muuzaji angekula kiapo mara saba. Chai yenyewe alikuwa anainywa baadaye, ikiwa imebaki.

Kipimo cha pili kilikuwa kisra. Sisi Wanubi bila kisra hatujala. Ni mkate mwembamba wa mtama, ambao uji wake unaumwaga juu ya bamba la chuma na kuusambaza haraka kabla haujashika. Sasa stovu nyingi za mafuta zilikuwa na moto uliobanana katikati. Kisra ikaungua kitovu, pembeni ikabaki mbichi. Mpishi alikuwa anabeba bamba lake kwapani, anamwomba mwenye nyumba uji, anamwaga moja, anaigeuza juu mbele ya kila mtu kama hakimu anayeonyesha ushahidi. Kama katikati ni nyeusi, alirudisha bamba kwapani na kuaga. Wanawake walimpenda kwa hilo. Ni mwanamume gani mwingine wa Arua aliyejua kwamba kisra inaweza kukutia aibu mbele ya wakwe?

Wahindi walipoondoka, maduka yalibadilisha mikono, na duka la vyombo vya jikoni likaangukia kwa askari mmoja mstaafu aliyejua bunduki na mpira wa miguu, basi. Mpaka leo nikilikumbuka duka lile moyo unanidunda. Jumamosi tulikuwa tunakwenda wasichana watano, sita, Mpishi mbele na kikombe chake, na tukivuka mlango tu harufu ya rangi mpya na maboksi inatupokea. Kulikuwa na sufuria za presha zenye kipini cheusi, mashine za kusagia nyama, birika za umeme, majiko ya umeme yenye macho manne, na friji nyeupe zilizosimama ukutani kwa heshima. Mlango wa friji ukiufunga ulikuwa unajivuta wenyewe, pwa, na sisi tuliufungua na kuufunga mpaka mwenye duka akatuomba tumhurumie.

Mwenye duka mwenyewe nusu ya mali yake hakujua ni nini. Siku moja alikuwa amepanga barua zake ndani ya kimashine cha chuma chenye nafasi mbili juu. Mpishi akazitoa barua moja moja.

"Hii hapana ya barua. Hii ni ya kuchoma mukate."

"Mukate si imechomwa tayari?"

"Imechomwa. Wazungu nachoma mara ya pili."

"Kwa sababu gani?"

"Mimi hapana jua. Nilipikia wao miaka ishirini, hakuna mutu aliniambia."

Mwenye duka alifikiri kidogo, akarudisha barua zake mahali pale pale. Nadhani alifanya vizuri, maana umeme wa Arua siku zile ulikuwa unakuja kwa saa chache na kuondoka ukipenda, na aliyeweka imani yake kwenye jiko la macho manne alilala na uji mbichi.

Mpishi hakuanza kamwe na kutazama chombo. Alianza na swali, na swali lilikuwa moja tu kwa tajiri na maskini. "Nyumba yako iko na watu ngapi?" Ukitaja bei, hakusikia. Ukimwambia jirani anayo kama hii, aliziba sikio kwa kidole. Alitaka idadi ya midomo. Mke wa ofisa mmoja alitaka mashine kubwa ya kusagia nyama, na nyumbani walikuwa yeye, mumewe, na mama mkwe asiye na meno. Mpishi akamchagulia uma imara. Fundi cherehani wa Dadamu, mwenye wake wawili na watoto wasiotulia ukawahesabu, alikuja kutafuta sufuria ndogo ya bei nafuu, akaondoka na sufuria ya presha kubwa kuliko zote, na mpaka leo watoto wake wanasema ndiyo iliyowalea. Mpishi alisema mashine inajua watu ikiwaona. Ikiwa watu ni wachache, inaharibika kwa uvivu.

Alikuwa na kasoro zake, na mimi simpambi. Alikuwa mwongo wa kupindukia katika jambo moja, yule jenerali aliyempikia mayai. Siku nyingine jenerali alikula mayai mawili, siku nyingine manane, na mara moja, mbele ya wageni kutoka Sudan, mayai yalifika kumi na tano na jenerali akalia kwa raha. Alihubiri usafi mpaka ukucha wako unauficha, lakini tumbaku yake ya kunusa ilikuwa inadondokea kila mahali. Alikuwa mkali kwa mwanamume yeyote aliyeingia jikoni na mikono mfukoni, na alipoona mjusi ukutani alitoka nje mwenyewe mpaka mtoto amfukuze.

Na hili ndilo lililotushinda wote kulielewa. Mtu huyu aliyechagulia nusu ya Arua vyombo vya kisasa hakuwa na hata kimoja. Nyumbani kwake palikuwa na mafiga matatu, kisufuria cha robo, na ile sufuria kubwa ya kambini ikiwa imefunikwa juu chini uani, kuku wakiilalia. Niliwahi kumuuliza. Nilikuwa na umri wa kuuliza kila kitu.

"Mzee, wewe mbona hununui hata stovu?"

"Nyumba yangu iko na watu ngapi?"

"Mmoja."

"Basi."

Alisema hivyo akipuliza moto, na mimi, mjinga, nikaona ni mzaha mzuri.

Zamu yangu ilipofika, niliposwa na dereva wa lori wa Koboko. Kijana mzuri, mcheshi, na mwenye mama. Mama huyo alikuwa maarufu Koboko nzima kwa kusiriba sakafu. Nyumba ya Mnubi inajulikana kwa sakafu yake. Udongo laini na samadi unapakwa kwa kiganja mpaka unang'aa, na sakafu ya fundi haiwi bapa. Inateremka kidogo kuelekea mlangoni, kiasi kwamba ukinawisha wageni maji yanatoka yenyewe bila kufagiwa. Mama mkwe wangu alinisiribia nyumba yangu ya harusi kwa mikono yake, siku nne, na ukiangusha tone la maji ukutani lilikwenda mpaka mlangoni bila kusitasita. Ilikuwa zawadi kubwa. Nilijua hivyo, nikashukuru.

Mchumba aliniambia nichague kitu kimoja cha kisasa, atakibeba kwenye lori. Kimoja. Mama yake alikuwa ameshachagua, kabati la vioo la kupangia vikombe. Wifi zangu walichagua kabati. Shangazi zangu mwenyewe, ambao walitakiwa kuwa upande wangu, walichagua kabati. Mimi nilitaka friji ya mafuta ya taa. Nilikuwa nimeuza ukwaju na karkade na mama yangu sokoni Arua tangu utotoni, yale maji mekundu ya maua makavu, na nilikuwa nakwenda mji ambao sikumjua mtu. Mwali asiye na shughuli yake anakaa jikoni kwa mama mkwe akimenya vitunguu mpaka azae, na akishazaa anamenya vingi zaidi. Nilitaka kitu kitakachowaleta watu wa Koboko mlangoni kwangu. Nililitaka jambo hilo mpaka usingizi ukanipaa.

Nikaenda kwa Mpishi na moyo mkononi. Akajaza kikombe chake.

"Nyumba yako itakuwa na watu ngapi?"

"Wawili, Mzee."

"Jiko ya makaa moja, sufuria mbili. Nenda salama."

"Mzee, hujaniacha nimalize. Wa ndani ni wawili. Wa nje je?"

"Wa nje nani?"

"Barabara ya Koboko inapokea malori ya Sudan na ya Zaire. Madereva, matingo, akina mama wa soko. Wote wana kiu, na hakuna hata mmoja Koboko anayeuza kinywaji baridi."

Akacheka mpaka tumbaku ikamtoka puani.

"Sasa wewe nasema maneno. Twende dukani."

Nilitembea njia nzima nusu nikiruka. Dukani alizipima friji tatu kwa kikombe, akazipigia magoti, akachungulia tangi la mafuta chini na bomba la moshi nyuma. Mwenye duka alikataa katakata kwamba moto mdogo chini unaweza kuleta baridi juu. Alisema kama ni kweli basi kisra ingeganda barafu kwenye bamba. Mpishi hakubishana. Alichagua ya kati, akamgeukia mchumba wangu aliyekuwa amesimama na mikono mfukoni, akamwambia azitoe.

"Sikia, dereva. Hii kitu hapana taka kulala. Inasafiri imesimama, kama mutu anasali. Wewe nasikia?"

"Nasikia, Mzee."

Alisikia. Kusikia hakukuwa shida yake.

Friji ikafika Koboko kabla ya harusi, na mimi nikafuata, na baada ya siku za harusi kwisha nikaiwasha kwa mkono wangu. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya Idi ya kuchinja. Mama mkwe alikuwa ametangaza, kwa sauti ya mtu anayenitakia mema, kwamba Idi wageni wote watakuja kwangu kuonja maji baridi. Na kama hakuna baridi, alisema, basi si hasara, tutatoa yale matumbo ya chini na kupanga vikombe ndani. Ingekuwa kabati zuri.

Siku ya kwanza maji yalikuwa ya uvuguvugu. Siku ya pili yalikuwa ya uvuguvugu. Nilifungua mlango mara mia, nikatia mkono, nikajidanganya kwamba nahisi kitu. Wifi zangu walikuwa wanapita, wanaangalia, wanahesabu rafu kwa macho. Nililia nyuma ya nyumba kwa hasira, sikulia kwa huzuni, nikajipangusa, nikaenda barabarani kumtafuta dereva yeyote anayekwenda Arua. Nilimpa ujumbe wa maneno manne. Mwambie Mpishi haina baridi.

Kesho yake, zikiwa zimebaki siku tatu, aliteremka kwenye basi la asubuhi, kikombe kimefungwa kiunoni kwa kamba. Sijawahi kumfurahia mtu namna ile. Hakunisalimu vizuri. Aliomba chai, akakijaza, akakiweka juu ya friji, na chai ikamwagika upande wa mlango wa nyumba, chururu, mpaka sakafuni, na kutoka sakafuni ikatembea yenyewe hadi nje. Mama mkwe alikuwa amesimama pale, akaitazama ikitoka kwa fahari.

Nilielewa papo hapo. Friji haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa sakafu, na sakafu ilikuwa mikono ya mama mkwe. Bibi harusi wa wiki mbili anaanzaje kumwambia mama mkwe kwamba sakafu yake imepinda?

Mpishi alimgeukia kwanza mume wangu.

"Hii ilisafirije?"

"Imesimama, Mzee."

"Dereva."

"Siku ile lori ilikuwa na maharagwe mingi kutoka Ayivu. Nikailaza kidogo tu."

"Kidogo mpaka wapi?"

Mume wangu akatazama vidole vyake vya miguu.

"Mpaka Koboko."

Hapo Mpishi akatoa tusi la kambini ambalo sitaliandika, akaomba msamaha kwa Mungu, kisha akaeleza. Ndani ya mabomba kuna maji yanayozunguka. Ukiilaza kwenye barabara ile ya mashimo, yanakimbilia mahali pasipo pao na kukwama. Lazima yarudishwe. Akatoa tangi la mafuta, akawaita wanaume wanne, na mbele ya wifi zangu wote friji yangu ikapinduliwa miguu juu, kichwa chini. Ikaachwa hivyo mpaka kesho. Koboko nzima ilikuja kuitazama. Mtoto mmoja aliuliza kama imekufa.

Kisha akamwendea mama mkwe, na huu ndio ufundi wake ninaoukumbuka kuliko wote. Alivua kofia. Akapiga magoti kwenye ile sakafu, akaipapasa kwa kiganja.

"Mama, mimi nimetembea kambi mingi. Sakafu kama hii hapana ona."

"Ni kawaida tu," akasema mama mkwe, na haikuwa kawaida na alijua.

"Shida iko kwa mashine. Hii mashine imezaliwa kwa watu hawajui kunawisha wageni. Sakafu yao imelala tu, maji yao nafagia na fagio. Sasa ikifika kwa nyumba ya heshima, inapotea. Inataka kitanda yake, chini kabisa sawa, kama ya kwao."

"Kitanda ya nini?"

"Ya udongo. Lakini sijui kama Koboko hapa iko mutu naweza kusiriba kitu bapa kabisa. Hiyo ni kazi nguvu."

Mama mkwe alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Aliagiza udongo wa kichuguu, akaukanda mwenyewe, akajenga pale pembeni kibaraza chenye kimo cha shubiri moja, na kila alipomaliza kupaka, Mpishi aliweka kikombe, na kila kilipomwaga hata tone, mama mkwe alibomoa na kupaka tena bila kuambiwa. Walikwenda hivyo mpaka alasiri, wazee wawili wamepiga magoti wakibishana juu ya tone la chai. Mara ya sita kikombe kilijaa pomoni na hakikumwaga kitu. Mama mkwe akamwangalia.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, mama."

Tulikikausha kibaraza kwa makaa, friji ikageuzwa, ikapumzishwa, ikapandishwa juu. Mpishi akakata utambi, akawasha, akarekebisha mpaka mwali ukawa wa buluu. Asubuhi ya Idi nilifungua mlango na baridi ikanipiga usoni. Kwenye chombo cha juu kulikuwa na barafu. Nilipiga vigelegele peke yangu, kwa nguvu, mpaka mume wangu akadhani nyumba inaungua. Mama mkwe alikuja, akatia mkono, akautoa, akaurudisha. Kisha akakataza mtu yeyote kunywa mpaka dada yake afike kutoka Lurujo, kwa sababu alitaka dada yake aone ile friji iliyokaa juu ya kibaraza alichokijenga yeye. Kuanzia siku hiyo haikuwa friji yangu tena. Ilikuwa yetu, na neno kabati halikutajwa.

Sitawachosha na biashara. Niseme tu kwamba madereva walijua mlango wangu kabla ya kujua kituo cha mafuta, na sikumenya kitunguu cha mtu. Mpishi alikuwa anakuja mara mbili kwa mwaka kukagua moto wa friji. Hakukubali malipo. Kila mara nilimwekea gilasi ya karkade baridi, nyekundu, gilasi inatoka jasho, na kila mara aliisukuma pembeni.

"Mimi iko mutu ya chai."

"Onja tu, Mzee. Umeichagua mwenyewe."

"Hiyo ni ya watu mingi. Mimi iko moja."

Nikawa namchemshia chai. Hata sukari ilipoadimika mpaka ikawa inapimwa kwa kijiko, ya kwake niliificha.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka wa sabini na tisa, vita ilipoelekea kwetu na watu wa Arua wakaanza kupita Koboko kwenda mpakani. Walipita kwa miguu, kwa baiskeli, na magodoro na kuku na wazee mgongoni. Mume wangu alikuwa amewavusha watoto na mzigo wa kwanza, na alikuwa njiani kurudi kutuchukua mimi na mama yake. Friji haikuwa na nafasi. Lori lingejaa watu, na kuilaza sasa nilijua maana yake. Nilikuwa nimeapa kwamba mafuta yaliyobaki hayataachwa, kwa hiyo tangu juzi nilikuwa nagandisha na kugawa, nagandisha na kugawa, kwa kila aliyeingia uani. Uani palikuwa hapana pa kukanyaga.

Mpishi aliingia akisukuma baiskeli. Nyuma yake ilikuwa imefungwa ile sufuria kubwa ya kambini. Alikuwa amekonda, na viatu vyake vimefungwa kwa kamba. Nilimkimbilia. Yeye akawa anatazama uani.

"Hapa iko watu ngapi?"

"Sijui, Mzee. Nimeacha kuhesabu."

Akafungua kamba bila neno lingine. Akatafuta mawe matatu makubwa, akainua sufuria, akauliza maharagwe yako wapi. Nikampa gunia lililobaki. Sijawahi kuona mtu akibadilika hivyo. Mgongo ulinyooka, sauti ikatoka ile ya kambini, akawa anawatuma wanaume wa watu maji na kuni, na yeyote mwenye mikono mfukoni aliitwa kwa majina mapya. Jioni ile kila mtu pale alikula. Wageni wengine walicheka kwa mara ya kwanza tangu watoke kwao, kwa sababu jenerali alikuwa amefikisha mayai ishirini.

Mimi, kwa mazoea, nikamchemshia chai. Alikipokea kikombe, akaenda nacho ndani, akakiweka juu ya friji, pomoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na kibaraza chake, mkono juu yake. Tulitazama wote watatu. Miaka mitano, na hakikumwaga tone.

"Iko sawa?" akauliza mama mkwe.

"Iko sawa, mama. Kunywa wewe."

Akampa chai. Kisha akanigeukia.

"Lete ile ya baridi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimimina gilasi. Aliinywa yote kwa pumzi moja, amefumba macho, akashika shavu kwa sababu ya meno yake machache yaliyobaki.

"Miaka hii yote wewe nanificha kitu kama hii?"

"Nilikupa kila mara, Mzee. Umesahau?"

"Ulinipa peke yangu."

Ndipo nikaelewa mafiga matatu, na kisufuria cha robo, na kuku juu ya sufuria iliyofunikwa, na mzaha niliouona mzuri nilipokuwa msichana. Nililia mbele yake bila kuficha. Yeye alikuwa ameshapiga magoti chini ya friji. Akazima moto, akatoa ile taa ndogo ya chini inayoleta baridi, kitaa na utambi wake, akakifuta, akakifunga kwenye kitambaa, akakitia mikononi mwangu.

"Beba hii. Mutu akichukua friji, atapata kabati tu. Siku mukirudi, utajua ya kwako."

"Kabati ndiyo nilitaka tangu mwanzo," akasema mama mkwe kutoka kwenye mkeka, na kwa kweli tulicheka, sote watatu, kwenye nyumba tuliyokuwa tunaiacha.

Honi ya lori ikasikika barabarani. Nikamwambia Mpishi nafasi yake ipo. Akasema atakuja na sufuria kesho, watu wengine bado wako nyuma na watafika na njaa. Sikumwona tena. Kitaa ninacho mpaka leo. Jioni ile aliponisindikiza hadi uani alikuwa ameshika tena gilasi tupu, akaniuliza kama iko ingine. Ilikuwepo moja ya mwisho. Nilimpa, naye akaiinua juu ili ionekane, akawauliza watu wa uani ni nani hajapata.